Nilimpeleka Fidelis Kuamia Ndege Siku ya Mtihani Wake

Waliokuwepo ni hawa. Fidelis, mwanafunzi asiyeona, kwao Uchindile. Mwalimu Kapinga, mwenye ofisi ya kuwasaidia wanafunzi wenye ulemavu pale chuoni. Mama Zuhura, jirani yangu wa shamba, majaruba yetu ya mpunga yalipakana. Mkuu wa chuo, jina lake nalijua ila naliacha, hana kosa. Na mimi, Mama Asteria, mhudumu wa Fidelis.

Wasomaji wenzangu, nina miaka sabini na tisa. Shule niliishia darasa la pili, mnivumilie. Haya yalitokea miaka ya tisini, hapa hapa Ifakara. Hata kwenye kitubio nilikuwa nasema tu, nilidanganya mara moja, halafu napita haraka...

Kazi yangu ilikuwa kumchukua Fidelis bwenini asubuhi. Anashika bega langu, tunakwenda darasani, tunakwenda bwaloni. Alikuwa asiyeona wa kwanza pale, na walimpokea kwa majaribio. Wakubwa walitaka kwanza waone kama mtu wa namna yake ataweza.

Mitihani hakufanya na wenzake. Mwalimu Kapinga alimsomea maswali ofisini, naye akajibu kwa mdomo. Siku na saa niliambiwa mimi, nami nikamwambia yeye. Mnaona? Mtu mzima, na siku zake zote ziko mdomoni mwangu!

Jumamosi alipenda kufuatana nami shambani. Mpunga ulikuwa unaiva, na kwelea kwelea wakishuka hawana huruma. Nilimpandisha kwenye dungu, kile kichanja cha kulindia ndege, nikampa kamba yenye makopo ya kuwatishia. Mama Zuhura alicheka mpaka akakaa chini.

"Mama Asteria, umekosa mtu mpaka umeweka asiyeona alinde ndege?"

"Mama Zuhura, shikamoo," Fidelis akamjibu. "Ndege wako upande wako. Wewe mwenye macho umewaona?"

Kweli walikuwepo! Masikio yake yaliwapata kabla yetu.

Basi ikafika Jumatatu moja. Mwalimu Kapinga akaniambia nimpeleke Fidelis ofisini kesho yake, saa mbili asubuhi, mtihani wa mwisho wa mwaka. Nikaitikia. Jioni hiyo hiyo Mama Zuhura akaitwa msibani Kisawasawa, akaniachia na jaruba lake. Majaruba mawili, mtu mmoja! Ukikimbilia huku, ndege wanakula kule. Binti yangu Asteria alikuwa ameniachia wajukuu wanne, na chakula chetu cha mwaka kilikuwa kile.

Asubuhi nilimkuta Fidelis ameshavaa shati safi. Nikamwambia mtihani umesogezwa mpaka Ijumaa.

Akasema ashukuriwe Mungu, basi twende shamba, akapunge upepo.

Siku nzima alivuta kamba. Na huku anavuta, anayasema masomo yake kwa sauti, moja baada ya jingine, bila kukwama... Majibu yote aliwapa ndege! Mimi nilikuwa upande wa pili nasikia kila neno. Kwa nini sikumshusha? Saa nne nilijiambia bado kuna muda. Saa sita nilijiambia umeshapita.

Tuliporudi, Mwalimu Kapinga alikuwa amesimama mlangoni pa bweni. Akauliza tulikuwa wapi, siku nzima anatusubiri. Nilihisi vidole vya Fidelis vinakaza begani kwangu.

"Nilisahau siku, mwalimu," Fidelis akasema. "Nilimwomba mama anipeleke matembezi."

Fidelis asahau! Kesho yake mbele ya mkuu wa chuo akasema vile vile. Mimi nimesimama pale pale, kimya. Wakaamua arudi kwao. Wakasema majaribio yameonyesha kuwa asiyeona hawezi chuo. Mwalimu Kapinga akanipa mkono, akasema, "Pole mama, wewe umejitahidi." Aibu ile ninayo mpaka leo!

Nilimsindikiza stesheni. Treni ilipopiga honi akaniuliza, "Mama, mpunga umepona?"

"Umepona, mwanangu."

"Haya," akasema. Akatoa mkono wake begani mwangu, akapapasa ngazi mwenyewe.

Tulivuna magunia, wajukuu wakashiba. Na Mwalimu Kapinga, nilikuja kumjua baadaye, alikuwa mtu mpole. Ningemweleza tu habari ya ndege, angesogeza siku kweli! Sikumwomba. Niliona rahisi kumdanganya asiyeona.

Ninyi mnaowashika mkono wagonjwa, wazee, wasioona, nawasihi. Ukizidiwa, sema umezidiwa. Usiigeuze siku ya mwenzako iwe yako. Na ukishakosa, usimwache aliyekosewa akusemee.

Majina na siku nina hakika nazo, lakini nikikosea, aliyekuwepo anisahihishe. Jambo moja tu linanisumbua. Kwa miaka mingi nilijiambia kwamba sikumwambia Fidelis mtihani umesogezwa, kwamba nilinyamaza tu akaelewa hivyo. Leo nimeandika kuwa nilimwambia. Fidelis, kama uko hai na kuna mtu anakusomea haya, wewe ndiye uliyesikia. Nisahihishe, mwanangu.