Majani Yanayokataa Kushika

Kwa mambo ya mapenzi, Lubumbashi nzima mwalimu ni mimi. Niliolewa mara tatu. Na mara zote tatu ni majirani walionieleza kwamba nimeachwa. Basi tuyaache yangu, tushike ya Clotilde.

Clotilde, mjane wa miaka thelathini na minane, alikutana na Guelor katikati ya msongamano wa soko la mtaa wa Kenya, siku shemeji yake Ruphin alipomtuma kutafuta mtu wa kulaza gazoni, yale majani ya uani. Kigari cha Guelor kilichojaa vipande vya majani kilimpita karibu mno, kikampaka tope kwenye kikwembe chake cha buluu.

"Unisamehe, mama."

"Mama ya nani? Weye mwenyewe uko na ndevu nyeupe."

Mwanaume akajipangusa kidevu. "Ile ni mavumbi."

"Basi mavumbi yako iko muzee."

Hivyo ndivyo kazi ilivyompata Guelor. Lakini haikuwa kazi ya furaha. Nyumba aliyokaa Clotilde, mtaani Bel-Air, ilikuwa ya marehemu mumewe. Ukoo wa mume ulikwisha kuipangisha, na wapangaji walitaka majani kwanza. Ruphin alikuwa amesema, bila kumtazama usoni: "Siku gazoni itashika, shemeji, utatupa funguo." Baada ya hapo Clotilde angekwenda Pweto, kwa dada yake, kulala chini kati ya watoto sita. Clotilde alimweleza Guelor yote hayo siku ya kwanza. Guelor alisikiliza mpaka mwisho.

Alisawazisha udongo, akalaza vipande kwa kupishana kama matofali, akavigandamiza kwa ubao. Upepo wa mwezi wa nane uliruka ukuta. Haukuwa wa baridi, lakini ulinyonya maji pembeni mwa vipande, na vumbi jekundu likaingia mpaka kwenye sukari. Kila asubuhi Guelor alikuja kumwagilia. Clotilde alimpelekea chai, kisha akakaa kizingitini, kwa sababu majani mapya hayakanyagwi.

"Inashika?"

"Bado, Mama Clotilde."

"Clotilde tu."

"Bado, Clotilde tu."

Alicheka, yeye ambaye hakuwa amecheka tangu mazishi.

Wiki tatu zikapita, "bado" ni ile ile. Ndipo Ruphin alipopiga simu. "Ule mutu anakuchezea, shemeji. Bantu ya gazoni njo vile: ukibapa chai, banavuta siku."

Neno hilo lilimkaa Clotilde kifuani kama ugali mbichi. Jioni akampigia Guelor.

"Unakuyaka huku kila asubuhi juu ya majani, ao juu ya chai?"

Upepo ulivuma ndani ya simu.

"Chai yako iko na mavumbi, cheri."

"Usiniite cheri. Kesho usikuye."

Siku mbili hakuja. Pembe za vipande zikageuka rangi ya mkate. Clotilde alimwagilia mwenyewe kwa ndoo, akilia, wala si kwa ajili ya majani. Siku ya pili Ruphin akapiga tena, sauti kavu.

Asubuhi ya tatu, jua halijapanda ukuta, alisikia mchakacho uani. Akatoka na kanga yake ya kulalia. Guelor alikuwa amepiga magoti, katika shati lake jeupe la misa, ameinua kipande cha majani kama mtu anayefunua mkeka. Alipomwona, mkono mmoja ukaenda mgongoni.

"Nilikukataza."

"Nilikuya kuangalia tu. Kuko minyoo. Inakula mizizi, njo maana haishike."

"Minyoo."

"Ya bakubwa bakubwa."

Clotilde akakaa kizingitini. Hakuwa na nguvu ya ugomvi. "Uiache ikule. Ruphin anasema bapangaji bamechoka kungoja. Ishike, isishike, siku ya posho, Jumamosi hii, ninatoka."

Guelor alibaki na kipande mkononi. Udongo ulimdondokea kwenye suruali, hakuupangusa.

"Njo kusema nilikata bure," akasema.

"Ulikata nini?"

Clotilde akasimama, akayakanyaga majani kwa mara ya kwanza, akamzunguka. Nyuma ya mgongo alishika kisu cha jikoni, na mizizi myeupe imenata ubapani. Akaushika ule mkono, na kisu chake, asiuachie.

"Wiki tatu unakata mizizi, Guelor? Kila asubuhi?"

"Minyoo," akasema tena, akitazama ukuta.