Saa ya Rubani na Meno ya Ng'ombe

Kila Jumamosi asubuhi Tausi alikuwa na kazi mbili: kumkatia ng'ombe majani, kisha kumsaidia baba yake, Mzee Mbaraka, kupanga tangawizi mbele ya duka lao pale Hedaru, kando ya barabara kuu. Alikuwa darasa la sita, na ni machache yaliyompita. Mama yake alipenda kusema kwamba macho ya mtoto yule yangefaa kulinda benki.

Wiki hiyo nyumbani kulikuwa na furaha. Dada yake, Salama, alikuwa amemaliza chuo cha uuguzi, na Jumatatu angeanza kazi katika zahanati moja huko milimani. Baba alitaka kumpa zawadi ya saa, kwa kuwa muuguzi huhesabu mapigo ya moyo wa mgonjwa kwa kutazama sekunde. Salama alikwisha kuiona anayoitaka dukani kwa jirani yao, Mama Asteria: saa nyepesi ya mkanda wa plastiki, yenye mshale mrefu mwekundu wa sekunde. Bei yake ilikuwa ndogo, na hilo ndilo lililomkera Baba. Muuguzi wa kwanza katika ukoo mzima, avae saa ya plastiki?

Ndipo alipofika kijana mmoja aliyejiita Loth. Alishuka kwenye basi na begi dogo, akamwamkia Baba kwa adabu nyingi mno, akafunua kitambaa. Ndani kulikuwa na saa kubwa ya chuma, yenye saa nyingine ndogo tatu usoni mwake na vitufe pembeni. Alisema ni saa ya marubani wa ndege, haikosei hata sekunde moja, na kwamba rubani mmoja mstaafu alimwomba amuuzie kimyakimya. Bei aliyotaja ilikuwa sawa na ya ng'ombe mzima, ingawa mjini, alisema, saa hiyo ingefika bei ya ng'ombe kumi.

Tausi hakulipenda hilo neno "kimyakimya". Kama saa ni ya kweli, kwa nini iuzwe kwa kificho na kwa bei ya kutupa? Basi imeibwa. Na kama haikuibwa, basi si ya kweli. Aliligeuza wazo hilo huku na huku, na kila upande aliona hasara.

Baba naye alisita. Lakini kabla hajakataa, alitokea bwana mmoja mwenye kofia ya kijivu, akaitazama saa, akasema ataichukua yeye, maana muuza tangawizi haiwezi. Watu hututania sisi Wapare kwamba tuko radhi kuuza ng'ombe ili tushinde kesi ya kuku. Ni utani tu, lakini siku hiyo Baba aliutimiza. Alimwambia Loth asimpe mtu saa ile, kisha akampigia simu Sankale, mfugaji wa tambarare anayenunua mifugo, aje amchukue ng'ombe.

Tausi aliumia moyo. Maziwa ya ng'ombe yule ndiyo yaliyomsomesha Salama, na sasa ilikuwa zamu yake yeye na wadogo zake. Alipotumwa sukari, aliwaona Loth na yule bwana wa kofia nyuma ya kibanda cha chai, wakicheka na kumega chapati moja. Alirudi mbio kumweleza Baba.

"Watu kunywa chai pamoja ni kosa?" Baba alimuuliza. "Usiwe mtoto wa kumshuku kila mgeni, Tausi. Unanitia aibu."

Tausi akarudi kupanga tangawizi, lakini shaka yake haikuisha.

Sankale alipofika, alimsalimu Baba, kisha akamgeukia ng'ombe. Akamfungua mdomo na kutazama meno, akamshika kiwele, akamtembeza hadi barabarani na kumrudisha, akauliza kwa nini anavuta mguu wa nyuma. Baba alijibu yote bila kukasirika, hata kwa fahari kidogo. Wawili hao walijuana miaka mingi, na bado Sankale hakukubali kununua kwa maneno matupu.

Hapo ndipo jambo lilipomjia Tausi. Ng'ombe alikuwa amepimwa kuanzia meno hadi kwato, lakini saa hakuna aliyeipima.

Loth na bwana wa kofia walikuwa wamerudi dukani, mmoja akingoja pesa, mwingine akijifanya kungoja Baba ashindwe. Salama naye alikuwa amesimama mlangoni. Tausi akamsogelea Loth. "Kaka, naomba dada ahesabu mapigo ya Baba kwa saa hii. Ndiyo kazi atakayoifanya Jumatatu."

Loth alisema saa ya rubani si ya kuchezewa na watoto.

"Mimi nimetia mkono mdomoni mwa ng'ombe," Sankale alisema kwa upole. "Hiyo saa inauma?"

Baba akaona haya, akanyoosha mkono. Salama akaichukua saa, akashika kifundo cha mkono wa baba yake, akaanza kuhesabu. Mshale wa sekunde ulikwenda, ukasimama, ukaruka, ukasimama tena. Akabonyeza kitufe, kikazama kisirudi. Akaisogeza saa kwenye mwanga na kuitazama kwa makini.

"Baba, hizi saa ndogo hazitembei," alisema. "Mishale yake imechorwa."

Loth aliinyakua saa yake akisema ataleta nyingine. Bwana wa kofia, aliyekuwa akiitaka sana, hakutaja bei yoyote. Muda si mrefu wote wawili walipanda basi moja na kukaa kiti kimoja. Baba alikwenda kutoa taarifa polisi, na Sankale akaenda zake bila ng'ombe.

Jioni walikwenda kwa Mama Asteria. Kabla hawajauliza bei, aliitoa saa ya plastiki na kuwaambia waijaribu kwanza. Salama akamhesabia baba yake mapigo dakika nzima, mshale mwekundu ukizunguka bila kukwama, na Baba akailipia.

Baba alimtazama Tausi. "Nilikuambia unanitia aibu, kumbe nilikuwa najitia mwenyewe," alisema. "Nilitoka kumnunulia dada yako saa, nikaishia kutaka kununua ushindi. Kitu huchaguliwa kwa kazi yake, si kwa macho ya watu. Na kuuliza si kutukana, mwanangu. Muuzaji mwaminifu hakasiriki kitu chake kikijaribiwa. Siku nyingine nikikataa kukusikia, niulize tena."