Kusoma Bila Kusimama

Kule Mautuma, Namalwa ndiye aliyesoma Biblia ya Kibukusu kanisani. Alianza kwa sauti kubwa, akamaliza bila kusimama. Kusimama katikati aliona ni aibu. Alienda mbio kama maji ya mteremko, na watu wakasema, "Huyu mama anajua kusoma!" Habari zenyewe alizijua tangu utotoni.

Nyumbani aliishi na mumewe Lusweti na mjukuu wao Dinah. Binti yao Rachael alifariki akawaachia mtoto huyo. Maziwa ya ng'ombe wao mmoja ndiyo yaliyomlea.

Kiangazi kilipokuja, kupe wakamwandama ng'ombe. Namalwa akanunua dawa ya kunyunyiza. Karatasi yake ya maelezo ilikuwa ya Kiswahili.

"Hebu soma, Mama Rachael," Lusweti alisema.

Namalwa akasimama wima, akasoma yote kama kanisani. Lusweti nusura aseme amina.

Wakachanganya dawa, wakanyunyiza. Kisha wakaenda kula obusuma, ugali wao wa mchana, ndoo yenye dawa iliyobaki wakaiacha pale pale. Ng'ombe alikuwa na kiu. Akainywa. Jioni alikufa, ndama wake akilia kando yake.

Namalwa alilia mpaka sauti ikakauka. Tangu siku hiyo Dinah alikunywa turungi, chai isiyo na maziwa. Kila asubuhi aliuliza ng'ombe atarudi lini.

Jirani yao Jelagat, afisa wa mifugo aliyesomea chuo cha kilimo cha Bukura, alikuja kuwapa pole. Akaisoma ile karatasi ya dawa.

"Mama, hapa wanasema mnyweshe mnyama maji kwanza. Na dawa iliyobaki usiiache karibu naye."

"Nilisoma hayo," Namalwa alisema. "Mdomo wangu huu ulisoma. Mimi sikusikia."

"Ni mazoea, mama. Biblia unasomanga habari unayoijua, tena kwa lugha yako. Hata ukikimbia, hupotei. Hiki ni Kiswahili, lugha yako ya pili, na habari ni ngeni. Soma sentensi moja, usimame. Jiulize, 'Naambiwa nifanye nini?' Jijibu kwa Kibukusu. Ukikosa jibu, rudi nyuma, au uliza mtu. Kurudi nyuma si aibu."

Kupe hawana huruma. Wakahamia kwa ndama, ambaye sasa alikula nyasi.

Namalwa akaitoa karatasi tena. Alisoma sentensi, akanyamaza, akamweleza Lusweti kwa Kibukusu. Neno moja lilimshinda, akampigia Jelagat simu. Wakamnywesha ndama maji mpaka akageuza kichwa. Wakapima dawa, wakanyunyiza. Iliyobaki wakaimwaga shimoni, mbali na kisima, wakafukia.

Kupe walikwisha, ndama akanawiri.

"Siku hizi unasomanga polepole kama mtoto wa nasari," Lusweti alimtania.

Namalwa hakucheka. Alimpapasa ndama shingoni.

"Ndiyo," alisema. "Ningesoma hivi siku ile, huyu angekuwa bado na mama yake."