Losalia Niliyemfuta

Niliwahi kuamini, ndugu wasomaji, kwamba kitu kikishapanda kwenye wingu hakifutiki. Ukikifuta huku chini, kule juu kinabaki kimening'inia tu. Mvua za vuli zikianza mtandao unanenepa, nacho kinashuka chenyewe na kukaa mahali pake.

Msinicheke bado... Habari hizo nilipewa na fundi simu mmoja pale sokoni Nyakahura, tuliyezoea kumwita Injinia. Na alikuwa na ushahidi! Simu yake iliibwa kiangazi, akanunua nyingine, na siku ya mvua ya kwanza picha zake zote za harusi zikarudi, mpaka ile ya shemeji yake amesinzia na sahani mkononi. "Wingu ni wingu, kijana wangu," aliniambia. "Linabeba, halafu linashusha." Niliondoka pale nimeshiba elimu.

Nina miaka thelathini na sita, mzaliwa wa Ngara. Sekondari niliimalizia kwenye masomo ya jioni, nikiwa na ndevu zangu, nimekaa dawati moja na mtu wa umri wa baba. Nilipofaulu kompyuta nilijiona nimeifaulu dunia nzima. Kichwa kilivimba hadi kofia zote za wilaya zikawa ndogo.

Jambo jingine mlijue mapema, maana ndilo lililoniangusha. Nyumbani tunaongea Kihangaza, na kwenye ulimi wangu r na l ni mapacha. Shuleni nilichekwa sana kwa kusema "kurara" na "chakura". Nikaapa kwamba kila r itakayonijia mdomoni nitaigeuza l, niwe salama. Hadi leo natembea balabalani na kupokea balua.

Baada ya kuhitimu, wanane kati yetu tuliendelea kukutana kujifunza kuandika programu. Kompyuta zilikuwa mbili, moja ikikohoa. Nikajitolea kutengeneza seva ya daftari la pamoja kwenye wingu. Yaani tunakodi kompyuta kubwa iliyoko mbali, kila mmoja anaingia kwa jina lake na neno lake la siri, hata kwa simu, anakuta daftari lake. Anaandika maelezo, chini yake programu, anabonyeza, jibu linatokea papo hapo. Nilihangaika nayo majuma matatu. Ilipokubali, nilitangaza kwamba kuanzia siku hiyo Ngara na Ulaya wanaazimana chumvi juu ya uzio. Wenzangu wakaanza kuniita Mwalimu. Funguo zote nilishika mimi: kufungua akaunti, kuifunga, kuifuta.

Kati yetu alikuwepo Rosalia, mkulima wa Bugarama, mama wa watoto wawili, mtu wa maneno machache. Mnyauko ulikuwa umemaliza migomba yao. Akaamua kupita nyumba kwa nyumba akiuliza: shina lipi limekauka, lini, lilikatwa kwa panga lipi, na panga hilo liliazimwa kwa nani. Kila jibu aliliingiza kwenye daftari lake kwa simu, hapo hapo shambani, misimu miwili mizima. Programu yake ikachora ramani, ugonjwa unaonekana ukitembea nyuma ya mapanga ya kuazimana. Siku alipotuonyesha, hata mimi mwenye mdomo kama redio nilinyamaza.

Mradi mmoja wa kilimo huko Biharamulo ukatangaza nafasi ya msaidizi wa utafiti. Rosalia hakuwa na cheti cha chuo. Wakamwambia, basi lete kazi yako tuione. Ramani ile ndiyo ilikuwa cheti chake, hakuwa na kingine.

Juma lile lile seva ikaandika kwamba nafasi ya kuhifadhi imejaa. Nikapitia orodha ya majina, nikakuta "losalia" na "rosalia". Nikakumbuka. Siku ya kwanza nilimfungulia akaunti kwa ulimi wangu, nikaandika losalia. Baadaye aliponisahihisha nikamfungulia nyingine kwa r. Basi hii ya l ni takataka yangu ya zamani, nikasema. Mashine ikaniuliza kama nina hakika. Nilijibu ndiyo kabla haijamaliza kuuliza.

Kumpigia simu tu, nimuulize anatumia ipi... ningepungukiwa nini? Na nakala sikuwa nimetunza hata moja. Nakala ya nini, na vitu viko winguni?

Siku ya usaili alinipigia akiwa Biharamulo, watu watatu wamekaa mbele yake wanasubiri.

"Mwalimu, naingia kama siku zote, inanikatalia."

"Unaandika jina gani?"

"Losalia, kwa l. Si ndivyo ulivyoniandikia siku ya kwanza? Ile ya r niliikuta tupu, nikaendelea na hii."

Hapo nikajua nilichofuta. Ningeweza kumwambia, mpe simu mkubwa wao niseme ukweli. Dakika moja ingetosha. Badala yake nikapaza sauti, ili hata wenzetu waliokuwa karibu nami wasikie: "Wingu limefuta, dada. Au ulimpa mtu neno lako la siri?"

"Sijampa mtu."

"Hebu fikiria vizuri."

Simu ikakatika. Nafasi akapewa mwingine.

Darasani wenzetu wakapata utani. "Rosalia, ramani nayo imeshikwa na mnyauko?" Mmoja akasema pengine ile ramani ilikuwa ya kuazima, kama yale mapanga. Nilicheka nao... Naona aibu hata kuiandika sentensi hiyo. Nilicheka nao, na kwa sauti kuliko wote. Rosalia akaacha kuja.

Nilijituliza kwamba vuli itamrudishia. Mvua zikaanza, zikanyesha hadi vyura wakatafuta mwavuli. Kila asubuhi nilifungua orodha. Losalia hakushuka. Nikawapigia waliotukodisha seva, binti akasikiliza hadithi yangu yote, kisha akauliza swali moja tu: una nakala? Nikakata simu.

Ninyi mliokabidhiwa funguo za kazi za watu, nawasihi. Tunzeni nakala mahali pengine. Kabla ya kufuta jina, mtafuteni mwenye jina. Na mkikosea, semeni saa ile ile, wakati bado kuna mtu wa kukusikilizeni upande wa pili wa simu. Kosa langu lilichukua nukta moja. Uongo wangu ulichukua miezi minne, na huo ndio uliomnyang'anya Rosalia kazi na jina lake jema.

Hatimaye nilikwenda Bugarama. Nilimkuta kwenye shamba la jirani, ana daftari la karatasi ndani ya mfuko wa plastiki, anaanza upya nyumba ya kwanza. Mashina mengi yalikuwa yameshang'olewa. Mwenye shamba alikuwa akijikuna kichwa, hakumbuki tena nani alimwazima panga.

Nilikuwa nimeandaa hotuba nzima njiani. "Dada Rosalia," nikaanza, "nimekuja kuhusu lile wingu lililofuta..."

Alifunga daftari, kidole kikabaki katikati ya kurasa.

"Wingu halijafuta kitu, Mwalimu," alisema taratibu. "Umefuta wewe."