Kamera Iliyoitwa Kipengo

Bisha. Wewe hapo uliyekunja mikono kama hakimu, bisha kabisa, maana nataka nikuone uso tukifika mwisho. Shule niliiacha kabla haijaniacha, lakini kwa kusimulia hamnipati, hata mje na walimu wenu wote. Jini wa leo hakutoka makaburini wala pangoni. Alitoka kwenye kamera iliyogoma kushika waifai. Cheka. Bado mapema.

Siku hiyo fundi alikuwa amechoka hadi kope. Tangu afungue kibanda, kila anayeingia anasema neno moja: haishiki. Simu haishiki chaji, redio haishiki stesheni, spika haishiki bluutuuthi. Mgongo unauma kwa kuinama, macho kama yamemwagiwa mchanga, na feni juu ya meza inazunguka kama nayo imelazimishwa kuja kazini.

Mchana ukiwa umetulia akaingia dada mpiga picha, yule anayepiga picha za watoto mashuleni. Akaziweka kamera na simu mezani.

"Fundi, nisuluhishie. Hawa wawili walikuwa wanapendana, sasa hata salamu hawapeani."

"Wamegombana lini?"

"Juzi. Nikipiga picha haiendi kwenye simu. Nazima, nawasha, nabembeleza, natukana. Wapi!"

Fundi akacheka kwa pua tu. Akaifungua simu. Kwenye orodha ya vifaa palikuwa na jina moja: Kipengo.

"Ndiyo kamera hiyo," dada akasema. "Jina la kiwandani lilikuwa manamba matupu, nikaipa la binti yangu. Anang'oka meno ya mbele, ndiyo tukambatiza Kipengo."

Simu ilisema kamera imeunganishwa. Fundi akaichomoa betri ya kamera, akaishika kiganjani. Simu ikashikilia palepale: Kipengo, imeunganishwa.

Mtu aliyelala vizuri angeshtuka. Betri iko mkononi, kamera imebaki gamba, sasa simu inaongea na nani? Fundi akajisemea hizi simu zina wazimu wake, akairudisha betri.

"Tuifute, tuanze upya. Bonyeza hapo kwenye jina."

Kioo kikauliza: Sahau Kipengo? Chini yake maneno mawili, Ghairi na Sahau.

"Eti nimsahau Kipengo!" Dada alicheka hadi akashika meza. "Mtoto ananipiga mateke hata usingizini, nitamsahau vipi?"

"Bonyeza tu, dada. Tutaunganisha tena sasa hivi."

Akabonyeza.

Feni ikasita, kisha ikaendelea. Ikaja harufu ya nywele zilizoungua. Fundi akagusa chuma chake cha kuchomelea waya, kilikuwa baridi. Akaitafuta kamera upya kwenye simu. Orodha tupu. Akazima, akawasha. Tupu.

Mlango ukasukumwa, akaingia binti mwenye sare za shule, ngumi imefumba kitu.

"Shikamoo, fundi. Mama, lile la juu limetoka!" Akafungua kiganja. Jino.

Dada akamtazama kwa upole. "Hongera, mwanangu. Mama yako amekutuma huku?"

Fundi hakushtuka, maana mtoto wa yeyote huitwa mwanangu. Kipengo naye akacheka, anaujua utani wa mama yake. "Mama bwana!"

"Yuko wapi? Atakutafuta."

"Si wewe?"

Dada akamgeukia fundi, akanong'ona, "Fundi, huyu ni mtoto wa nani?"

Fundi akasubiri tabasamu litokee kwenye kona ya mdomo wake. Halikutokea. Kipengo akamshika mama yake mkono, na mama akajinasua kwa adabu, kidole kimoja kimoja, kama anavyojinasua mtu kwenye miiba.

Ndipo kamera, ambayo kifuniko cha lenzi hakijatoka, ikaanza kupiga picha yenyewe, taratibu, kama mtu anayegonga meno akifikiri, na kwenye kioo chake cheusi kikapita kitu cheusi zaidi kikijiweka sawa, kikijipapasia pa kukaa, harufu ya nywele ikazidi hadi fundi akauonja moshi ulimini, na spika yake ndogo, ambayo tangu izaliwe haijui neno zaidi ya "pii", ikasema kwa sauti ya mtu aliyetoka kushiba:

"Fundi."

Dada hakusikia. Alikuwa amechutama, akimfuta machozi mtoto asiyemjua, akimuuliza anakaa mtaa gani.

"Nani wewe?" fundi akanong'ona.

"Unatujua. Hata wanaotupunga sisi majini huitwa mafundi."

"Unataka nini?"

"Nimeshapata. Mlisema asahauliwe, mkabonyeza. Pakabaki wazi, nikakaa. Pana joto hapa."

"Toka."

"Nihamishe. Jina la mtu, na simu ya anayempenda."

Fundi angeweza kufunga kibanda akaenda kulala. Mwili wake wote ulikuwa unamwomba hivyo. Lakini Kipengo alikuwa amelichukua lile jino, analisukuma kwenye ufizi unaovuja damu, analisukuma kwa dole gumba.

"Mama, nikilirudisha? Nikilirudisha utanijua?"

Fundi akaivuta kamera. Akafuta jina la Kipengo, akaandika lake mwenyewe, herufi kwa herufi. Akatoa simu nyingine mfukoni, akaiunganisha. Ikashika mara moja, kwa pupa. Kioo kikauliza swali lake. Akaegemea ukuta, akafumba macho, akabonyeza.

Harufu ikakatika.

"We Kipengo!" dada akaruka. "Damu ya nini hiyo mdomoni? Njoo hapa. Nani kakuliza mwanangu?" Mtoto akamparamia shingoni, akalia kama aliyerudi safari. Juu ya kichwa chake dada akauliza, "Fundi, vipi, imeshika?"

"Imeshika, dada."

"Mbona umepauka hivyo? Nenda kalale."

Haya, mbona hucheki? Hapo ndipo huwa naishia, watu wananipigia makofi. Ila kuna kipande ninachokirukaga.

Ile simu ya mfukoni ilikuwa yangu, nilimpa anitengenezee.

Mlidhani "fundi, fundi" ni mbwembwe zangu za kusimulia. Sina namna nyingine ya kumwita. Mama yangu analia, anaapa kwamba ni kaka yangu wa tumbo moja, kwamba alinibeba mgongoni nilipovunjika mguu. Ananitajia na jina lake. Linaniponyoka kabla sijalitamka. Nikimtafuta kichwani nafika mahali, najua ndipo, na mahali hapo pana mtu amekaa, kanipa mgongo. Hageuki. Siku nyingine anahema.

Nimemwambia fundi tutafute jina jingine na simu nyingine, tumhamishe huyo jini. Amekataa. Anasema akihama hapa ni kwa mtoto wa mtu mwingine, na yeye amechoka, lakini hajachoka kiasi hicho.

Jioni akirudi kazini huvua viatu, hukaa karibu nami, hunitazama.

"Leo je, mdogo wangu?"

"Bado, fundi."