Homa Iliyofichwa Nyumbani kwa Mlinzi wa Mbu

Ndugu zangu wa milimani, nyumba ya Papa Hilaire Nzabandora, karibu na Nyabiondo, ilikuwa nyumba ya kuonewa wivu. Jioni ungemkuta mkewe, Mama Euphrasie, akipukuchua maharagwe uani, Hilaire akitia mpini jembe, na binti yao wa pekee, Umugwaneza, akiokota punje zilizoruka na kuzihesabu kwa hesabu yake mwenyewe: moja, mbili, tano, kumi! Baba yake alicheka mpaka machozi. Mtoto huyo wa miaka minne alipatikana baada ya miaka tisa ya ndoa na mimba tatu zilizoharibika. Mimi Mukasine, jirani yao, nilikuwepo siku alipozaliwa, na nililia kuliko mama yake. Nawaambia haya mapema ili mjue kilichopotea.

Basi wakaja watafiti wa mbu. Mkubwa wao alikuwa kijana mpole aitwaye Noël. Walichota maji yenye viluwiluwi vya mbu katika kidimbwi chetu cha bondeni, kile tunacholowekea mihogo, wakakaa nayo wiki nyingi wakichunguza. Siku ya salongo, kazi ya pamoja ya kijiji, tulipokuwa tumekusanyika kusafisha njia, Noël akatueleza walichokipata.

"Bapapa na bamama," alisema, "ndani ya mbu ya hapa muko kadudu kadogo sana, hakaoneke na macho. Hatukukaleta siye, kanaishi mule tangu zamani. Mbu mama anakapatia batoto yake. Mbu yenye iko na kale kadudu, malaria haiwezi kukomaa ndani yake."

Mimi, mdomo wangu haujui kulala, nikauliza kama mbu hao wazuri watawabatiza wenzao. Watu wakacheka, na Noël naye akacheka.

"Njo vile tunatafuta, Mama Mukasine, bazaliane bakuwe bengi. Lakini leo, mu mbu kumi, mbili ao tatu tu njo iko nako. Tungali tunajaribu, na itaomba miaka. Kwa sasa kila muntu alale mu mustikere. Na mutoto akipata homa, siku ileile mumupeleke ku centre."

Alisema hivyo hivyo. Sote tulisikia: chandarua, na kituo cha afya siku ileile.

Alihitajika mtu wa kulinda kidimbwi, ili wakulima wasioshee humo pompe za kunyunyizia dawa ya nyanya na kuua mbu waliokuwa wakichunguzwa. Shamba la Hilaire linapakana na maji, basi akachaguliwa yeye. Akapewa gilet, kizibao cha manjano chenye maandishi mgongoni. Ee, ndugu zangu, gilet ile! Aliivaa shambani, akaivaa sokoni, akaivaa hata misani. Sisi tukamwita Présida wa Mbu, rais wao. Tulikuwa tunamtania, yeye akadhani tunamheshimu, nasi hatukumtoa kosani kwa sababu utani ulikuwa mtamu. Tulimvika kilemba cha ukoka, naye akatembea nacho kichwa juu.

Maneno ya Noël yakaanza kukua mdomoni mwake. Mbu wawili au watatu katika kumi wakawa nusu. Baada ya mwezi wakawa wote. "Mbu ya hapa kwetu haina tena malaria," aliwaambia wapita njia, kama mtu aliyewafuga mwenyewe.

Jumapili moja baada ya misa, Léopold, fundi wetu wa baiskeli, akamchokoza mbele ya watu. "Présida, kama mbu yako iko muzuri hivi, juu ya nini ungali unajificha mu mustikere? Unaogopa bantu bako?"

Watu walicheka sana. Nami nilicheka.

Hilaire alikwenda moja kwa moja nyumbani. Akakata kamba, akateremsha vyandarua viwili, chake na cha mtoto, akavitandaza juu ya kitalu chake cha kabichi kando ya njia, ili kila mtu avione. Wengi wetu tulikwisha kufanya hivyo na vyandarua vilivyochakaa. Vyake vilikuwa vipya.

"Papa Umugwaneza," mkewe alimsihi, "Noël alisema tulale ndani yake."

"Noël anasema vile juu anaogopa bakubwa bake. Miye njo nachunga ile mbu. Minaijua."

"Basi rudisha ya mutoto tu. Siye bakubwa tuingie mu majaribu yako."

"Bantu bataona nini? Batasema Hilaire mwenyewe haamini!"

Nilipita pale na jembe langu begani, nikaviona vyandarua juu ya kabichi, nikasema moyoni mambo ya nyumba ya mtu hayanihusu. Mdomo huu unaouliza habari za ubatizo wa mbu, siku hiyo ulinyamaza.

Wiki ya tatu, Jumatatu, Umugwaneza alikuwa akitetemeka kwenye jua la saa sita. Mama yake akachukua kitenge ili ambebe mgongoni mpaka kituo cha afya, mwendo wa saa moja. Hilaire akasimama mlangoni.

"Ukimupeleka kule bataandika mu kitabu: malaria, mutoto wa Hilaire. Léopold atanichekelea mpaka Bihambwe. Ile iko minyoo tu. Mupe mubirizi."

Wakamnywesha majani hayo machungu. Jumanne mwili ukapoa kidogo, Hilaire akashukuru Mungu kwa sauti. Jumatano ukawaka tena. Niliwapelekea viazi vitamu, nikauliza mtoto yuko wapi. Hilaire akanijibu akiwa ameshika mlango: "Analala tu, iko na uchovu." Nikaacha viazi nikaondoka. Ndugu zangu, nilikuwa hatua nne kutoka kitanda cha mtoto yule.

Alhamisi asubuhi nilisikia Euphrasie akipiga yowe. Mtoto alikuwa ameshikwa na degedege, macho yamegeuka. Euphrasie alimsukuma mumewe kwa mikono miwili, mwanamke ambaye hajawahi kumpandishia sauti, akatoka na mtoto mpaka njiani. Pikipiki ikasimama, ikawachukua. Hilaire na mimi tulifuata kwa miguu, tukikimbia katika tope.

Tulipofika, muuguzi, Mama Nicole, alikuwa amekwisha kumchoma kidole na kumwekea serumu mshipani. Ni malaria, alisema, na damu imekwisha mwilini. Lazima apelekwe hospitali kuongezewa, gari limeitwa. Kisha akachukua kitabu.

"Homa ilianza siku gani?"

"Jana," akasema Hilaire.

Euphrasie hakumwangalia. "Leo iko siku ya ine," alisema.

Mama Nicole aliweka kalamu chini. Hakuandika kitu.

Umugwaneza alikufa kabla ya adhuhuri. Gari lilifika baadaye, likaturudisha naye.

Noël alikuja mazikoni. Hakumlaumu mtu, alilia tu kama sisi. Lakini vijana walikuwa wamekwisha kuchukua majembe wakafukie kidimbwi, wakisema mbu wa wageni wameua mtoto. Hapo Hilaire akasimama kando ya kaburi.

"Muache ile maji," alisema. "Kadudu ya Noël haina kosa. Alituambia mbili ao tatu, miye nikasema yote. Alituambia siku ileile, miye nikafunga mulango. Niliona haya kwa bantu. Mutoto wangu ameuawa na haya yangu."

Léopold akapiga magoti mbele yake. Vijana wakaweka majembe chini.

Euphrasie amerudi kwa mama yake, kijijini Muheto. Kila Jumapili Hilaire anakwenda huko kwa miguu. Anapewa maji ya kunawa, anapewa chakula, mkewe anakaa naye mpaka amalize kula. Hamwambii neno. Jioni mwanamume anarudi peke yake.

MAFUNZO

Wahenga walisema, mficha maradhi kilio humfichua. Ndugu zangu, wenye elimu wakituletea jambo jema, tulipokee kwa kipimo walichotupa, tusiliongezee chumvi. Dawa inayojaribiwa bado inajaribiwa. Chandarua ni cha kitanda, si cha kabichi. Nanyi mnaopenda kutania, mjue kuna mtu atakayeuza roho ya mwanawe ili asichekwe. Sisi tuliocheka tumo katika kosa hili. Mimi niliyeacha viazi mlangoni nimo zaidi.

Mwili wa mtoto ukichemka, usikae kufikiri watu watasema nini. Mbebe uende. Waache waseme, mtoto akiwa hai mgongoni mwako.