Sitaki Pole, Nataka Zamu

Mama Chiriku alikuwa fundi wa kushona nguo. Cherehani yake ilikaa sebuleni, karibu na dirisha. Chini yake, kwenye godoro dogo, alilala mwanawe wa miaka mitano. Mtoto huyo hakuweza kukaa wala kushika kitu, lakini sauti alikuwa nayo. Alipiga kelele za furaha kutwa nzima, na mtaa ukamwita Chiriku.

Kila aliyeingia alisema neno lilelile: pole.

Mteja alikuja kuchukua gauni. "Pole, mama," alisema. Papo hapo akauliza kwa nini gauni halijaisha. Mume wa Mama Chiriku alikuwa fundi wa kuchomelea mageti. Kila asubuhi alivaa ovaroli, akasimama mlangoni na kusema, "Pole, mke wangu." Halafu huyoo, akaenda zake.

Mama Chiriku alilichukia neno hilo. Pole haikumwogesha mtoto. Pole haikumlisha.

Na kumlisha ndiko kulikomtoa jasho. Alimlaza mapajani, kichwa kikiwa nyuma, akamtilia uji mdomoni. Chiriku alikohoa. Uji ulirudi kupitia puani. Kila mlo ulikuwa vita, na mtoto alizidi kukonda.

Siku moja uji ulirukia kitambaa cheupe cha mteja. Mama Chiriku alipandwa na hasira.

"Unanifanyia makusudi!" alifoka. Akasukuma kijiko kwa nguvu.

Chiriku akapaliwa. Macho yakamtoka. Kelele zote zikakatika.

Jirani yao, msusi wa nywele, alishtushwa na kimya kile. Alikuja mbio, kitana mkononi. Alimwinamisha mtoto mbele, akampiga mgongoni, katikati ya mabega. Uji ukatoka. Chiriku akalia kwa nguvu.

Mama Chiriku aliketi sakafuni. Alijua sasa ataambiwa pole.

"Unamlisha vibaya," msusi alisema.

"Nini?"

"Unamlisha vibaya. Na umechoka vibaya."

"Toka kwangu! Wewe unajua nini? Kazi yako kusuka na kupiga soga!"

Msusi hakutoka. "Mdogo wangu wa mwisho nimemlea mimi, na hali yake ni hiihii. Kila Jumamosi nafunga saluni mchana. Unadhani nakwenda wapi?"

"Kwenye starehe zako."

"Nakwenda kwenye kikundi cha wazazi na walezi. Njoo uone. Kama ni upuuzi, utatutukana hukohuko."

Jumamosi Mama Chiriku alikwenda, mtoto mgongoni na matusi yake tayari. Kikundi kilikutana katika darasa la chekechea. Watu wazima walikalia viti vya watoto, magoti karibu na kidevu. Mzee mmoja, fundi viatu, alikuwa amempakata mjukuu wake.

"Niseme ukweli," mzee alisema. "Wiki hii nilitamani kumwacha huyu barabarani, nikimbie."

Hakuna aliyemkemea. Watu waliitikia kwa kichwa tu. Mama Chiriku alimtazama mzee yule, akainuka.

"Mimi nimechoka!" alisema kwa sauti kubwa. "Nimechoka kuambiwa pole! Nimemkasirikia mtoto asiyejua kitu. Nusura nimuue kwa kijiko!"

Alilia kwa hasira. Watu walimwacha alie.

"Humu ndani hatusemi pole," mzee alimwambia. "Anayetaka kuisema anapewa mtoto kwanza." Watu wakacheka, na Mama Chiriku akajikuta anacheka na machozi yake.

Msusi alimchukua Chiriku. "Sikiliza, jirani. Hajarogwa, na si laana. Huu ni mtindio wa ubongo. Sehemu ya ubongo iliumia, kwa hiyo haiamuru misuli vizuri. Hata misuli ya kumeza. Hakufanyii makusudi hata kidogo."

"Sasa nimlishe vipi?"

"Mkalishe wima. Mshike kichwa kiinamie mbele kidogo, kisilale nyuma. Uji uwe mzito kiasi. Tumia kijiko kidogo, ngoja ameze, ndipo umpe kingine. Hivi ndivyo alivyotufundisha mtaalamu wa mazoezi wa kliniki. Mpeleke Chiriku kwake amwone, maana amekonda."

"Na hasira ikinipanda?"

"Mweke mahali salama. Toka nje, uniite. Hapa tunapeana zamu. Leo nakushikia wako, kesho unanishikia wangu."

Hasira ya Mama Chiriku haikuisha siku ile. Alirudi nayo nyumbani, ila sasa alijua aipeleke wapi.

Asubuhi mume alivaa ovaroli. "Pole, mke..."

"Ishia hapohapo!" Mama Chiriku alisimama. "Umechomelea mageti ya mtaa mzima. Mwanao hana hata kiti!"

"Jamani, nimekosa nini? Mambo ya kulisha watoto mimi nitayaweza wapi?"

"Mimi nilizaliwa nayaweza? Sitaki pole, nataka zamu. Asubuhi ni yako." Akamtia kijiko mkononi.

Mume alitaka kubisha. Alimwangalia mkewe usoni, akaketi. Mama Chiriku alimwonyesha jinsi ya kumpakata mtoto wima. Yule mtu aliyeshika moto kila siku, sasa aliogopa kijiko cha uji. Chiriku alifungua mdomo, akachukua muda wake, akameza.

"Amemeza," baba yake alinong'ona.

"Kumbe ulidhani anatafuna vyuma?"

Wiki ile mume alikwenda kliniki na mkewe. Mtaalamu akampa vipimo vya kiti. Mume akachomelea kiti chenye mgongo mrefu, mkanda wa kifuani na mahali pa kuweka miguu. Jumamosi alikibeba mwenyewe hadi kwenye kikundi. Mzee fundi viatu akakizunguka, akamwagizia mjukuu wake kama hicho.

Miezi ikapita. Mashavu ya Chiriku yalijaa, na kelele zake zikaongezeka. Asubuhi moja aliingia mteja mpya. Alimwona mtoto kitini na baba yake mbele yake, bakuli mkononi. Akashika kifua.

"Jamani, poleni sana."

Cherehani ikanyamaza. Mama Chiriku alifungua mdomo kujibu, lakini mumewe alimtangulia.

"Asante, dada," alisema, akamnyooshea kijiko. "Maji yako pale. Nawa mikono."